JFK Drive, San Francisco: barabara ya bustanini ilifungwa kwanza, maswali yakaja baadaye

Golden Gate Park, bustani kubwa ya jiji la San Francisco, ni mstatili mrefu na mwembamba: takriban kilomita 4.8 kutoka mashariki hadi ufukwe wa Pasifiki, na mita 800 hivi kutoka kaskazini hadi kusini. Eneo lake ni ekari 1,017. Barabara yake kuu ni John F. Kennedy Drive, na kisa hiki kinahusu kipande cha mashariki cha barabara hiyo, kilomita 2.4 kutoka Kezar Drive hadi Transverse Drive. Vivutio vingi vya bustani viko kando ya kipande hicho au karibu nacho: nyumba ya vioo ya mimea iitwayo Conservatory of Flowers, iliyofunguliwa 1879, bustani ya mawaridi, jumba la sanaa la de Young, na ng'ambo ya uwanja wa muziki, jumba la makumbusho ya sayansi, California Academy of Sciences.

Aprili 2020, korona ilipowafungia watu ndani, jiji lilikifunga kipande hicho kwa magari siku zote saba za wiki. Ilikuwa hatua ya dharura. Aprili 2022 Bodi ya Wasimamizi, ambayo ndiyo baraza la jiji pale, iliipigia hatua hiyo kura 7 dhidi ya 4 iwe ya kudumu. Novemba mwaka huohuo suala likapelekwa kwa wapiga kura, nao wakaikubali kwa asilimia 63 hivi.

Msimamo wetu ni huu: kuifunga ilikuwa sahihi, utaratibu uliofuatwa haukuwa sahihi. Barabara ilifungwa kwa siku moja, halafu jiji likatumia miaka miwili kuwatafuta watu waliokuwa wakiitegemea. Sehemu kubwa ya ugomvi wa 2020 hadi 2022 haikutokana na magari kwa ujumla wake. Ilitoka kwa makundi mawili matatu madogo ambayo yangeweza kuorodheshwa mapema, kabla kizuizi cha kwanza hakijawekwa.

Magari yalikuwa yakienda wapi

Fell Street ni barabara ya mwelekeo mmoja kwenda magharibi, na taa zake zimepangwa zipokeane kijani. Inayamwaga magari Stanyan Street, mlangoni kabisa mwa bustani. Dereva anayeelekea mitaa ya Richmond, kaskazini mwa bustani, akifika hapo alikuwa na njia mbili: apinde kulia akashike Fulton Street, yenye taa na vituo vya basi, au anyooshe aingie JFK, iliyo pana, yenye miti na makutano machache. Wengi walinyoosha. Idara za jiji zilikadiria kwamba kabla ya 2020 takriban asilimia 75 ya magari yaliyokuwa JFK hayakuwa na shughuli yoyote bustanini. Yalikuwa yakikatiza tu.

Takwimu hii ndiyo mhimili wa kisa, kwa hiyo inafaa kujua inavyopatikana. Kuhesabu magari mlangoni hakutoshi, kwa sababu mgeni wa jumba la sanaa na mkatizaji huingia kwa mlango mmoja. Kinachohitajika ni kusoma namba za magari kwenye milango yote kwa wakati mmoja, kisha kulinganisha muda wa kuingia na wa kutoka. Kilomita 2.4 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni dakika 3.6. Gari likiingia Kezar na kutoka Transverse ndani ya dakika sita au saba, huyo hakushuka. Likikaa dakika ishirini, amefika alikokuwa akienda. Kati ya hapo kuna wanaozunguka wakitafuta maegesho, na hao ndio huharibu hesabu wikendi. Kwa hiyo hesabu ya siku za kazi na ya wikendi zisichanganywe kuwa wastani mmoja: wastani huo hauielezi siku yoyote iliyowahi kutokea.

Hatari nayo ilikuwa imekwisha kupimwa. San Francisco ina ramani ya barabara zinazojeruhi zaidi, ambapo wakati huo asilimia 13 ya mitaa ndiyo iliyobeba robo tatu ya majeraha makubwa na vifo, na JFK ilikuwa ndani ya ramani hiyo. Mwaka 2016 mwendesha baiskeli aligongwa na kufa bustanini kwenye JFK, na dereva akakimbia. Barabara iliyo katikati ya nyasi na miti ilikuwa ikihesabiwa pamoja na njia mbaya kabisa za katikati ya jiji, na hilo liliwashangaza hata watu walioipita kila siku.

Miaka hamsini ya nusunusu

Anayeanza kusimulia kisa hiki 2020 anaanzia katikati. JFK ilianza kufungwa kwa magari siku za Jumapili mwaka 1967, na watu wa viatu vya magurudumu, baiskeli na mikokoteni ya watoto wakaizoea. Swali lililobaki lilikuwa Jumamosi. Mwaka 2000 wapiga kura waliletewa mapendekezo mawili kwa mkupuo, moja la kufunga Jumamosi mara moja na jingine la kusubiri kwanza maegesho mapya ya chini ya ardhi yajengwe. Yote mawili yalianguka, kama inavyotokea mara nyingi kura za upande mmoja zinapogawanywa mara mbili.

Maegesho hayo ya chini ya ardhi ni sehemu muhimu ya hesabu. Wapiga kura waliyaidhinisha 1998 kwa sharti la kujengwa bila fedha za walipa kodi. Yana nafasi 800, yako chini ya uwanja wa muziki kati ya de Young na Academy, na yalifunguliwa 2005, mwaka uleule de Young ilipofungua jengo lake jipya. Mlango wake wa kaskazini uko Fulton Street kwenye barabara ya 10, maana yake gari huingia moja kwa moja kutoka nje ya bustani bila kugusa JFK. Waliosema 2020 kwamba kufunga JFK kumelifungia jumba la sanaa wageni wenye magari walikuwa wakiruka jambo hili. Walikuwa na hoja moja ya kweli, nayo ni bei. Kwa kuwa ujenzi ulilipiwa kwa michango na mikopo, maegesho lazima yajilipe, na familia iliyozoea kuegesha bure kando ya JFK haioni nafasi 800 za kulipia kuwa ni badala ya nafasi ya bure.

Mwaka 2006 baraza lilipitisha Jumamosi bila magari, Meya Gavin Newsom akaitumia kura yake ya turufu. Mwaka 2007 wakaafikiana: Jumamosi za Aprili hadi Septemba tu. Ratiba ya namna hiyo ni mbovu kwa kila mtu. Mgeni hawezi kukumbuka ni mwezi gani na siku gani njia iko wazi, basi hupaki pembeni akisoma kibao, na anayeendesha baiskeli hajui kama nyuma yake kuna gari au hakuna.

Jaribio la 2012 linastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu miji mingi hutumia mpangilio wa aina hiyo. Jiji liliamua kuyaacha magari na kuwalinda waendesha baiskeli: njia ya baiskeli ikawekwa ukingoni, magari yanayoegeshwa yakasogezwa katikati yawe ukuta kati ya baiskeli na magari yanayokwenda. Mtaani penye maduka mpangilio huu hufanya kazi vizuri. Bustanini ulikwama kwa sababu zinazoeleweka. Mtu anayeshuka upande wa abiria, hasa mwenye kiti cha magurudumu au mwenye watoto watatu, anashukia katikati ya njia ya baiskeli, na kufika ukingoni lazima aivuke. Dereva mgeni akikuta safu ya magari yaliyosimama katikati ya barabara hudhani ni foleni, husimama nyuma yake. Tena kuna suala la mwendo wa magari. Rangi haipunguzi mwendo. Barabara nyembamba ndiyo hupunguza, na matuta.

Waliosahaulika

Barabara ilipofungwa Aprili 2020, nafasi za maegesho zilizotengewa watu wenye ulemavu kando ya JFK zilifungwa pamoja nayo. Hilo ndilo kosa kubwa la utaratibu katika kisa chote. Kwa mtu anayetembea vizuri, kufungwa kwa kilomita 2.4 ni burudani. Kwa mtu mwenye magongo anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde, umbali huohuo ni dakika 50, na njiani hakuna kilichokuwa kimewekwa cha kumbeba. Conservatory of Flowers iko kando ya JFK yenyewe. Haina mlango wa pili wa maegesho ya chini ya ardhi kama ilivyo kwa majumba mawili makubwa.

Jiji lilirekebisha, lakini baada ya malalamiko. Kiwanja cha nyuma ya Bandshell, jukwaa la muziki lililo kati ya majumba hayo mawili, kiligeuzwa kuwa maegesho ya watu wenye ulemavu, karibu nafasi 20. Gari dogo la bure la kuzunguka bustanini, lililokuwa la wikendi, likaongezewa siku za kazi. Bei za maegesho ya chini ya ardhi, ambazo zamani zilikuwa ngumu kubadilishwa, zililegezwa utaratibu wake ndani ya mpango wa 2022.

Nafasi 20 zilizochorwa vibaya si nafasi 20. Kwa viwango vya Marekani, nafasi ya gari la kawaida ina upana wa angalau mita 2.44 na kando yake ukanda wa kushukia wa mita 1.52. Gari la lifti, yaani gari kubwa lenye kifaa cha kushushia kiti cha magurudumu, linahitaji mita 3.35 na ukanda huohuo, au mita 2.44 na ukanda wa mita 2.44. Mteremko wa sakafu usizidi 1 kwa 48 upande wowote, kwani kiti cha magurudumu kikishushwa penye mteremko zaidi huanza kutembea chenyewe kabla mwenyewe hajafunga breki. Njia ya kutoka kwenye nafasi hiyo ikizidi mteremko wa 1 kwa 20 huhesabiwa kuwa rampu, na rampu ikipanda zaidi ya sentimita 15 inahitaji vishikio. Haya ndiyo huharibika kwanza pale kiwanja cha lami cha zamani kinapopakwa rangi tu na kuitwa maegesho mapya. Kwa maegesho ya chini ya ardhi tatizo huwa ni urefu: gari la lifti linahitaji mita 2.49 za wazi njia nzima, na boriti moja au bomba moja la hewa likishuka chini ya hapo, nafasi zote za gari hilo zilizo nyuma yake ni za kuchorwa tu.

Kundi la pili lilikuwa wakazi wa kusini-mashariki mwa jiji, hasa Bayview. Msimamizi Shamann Walton, anayewakilisha eneo hilo, alipinga kufungwa akisema kunawatenga watu weusi na wenye kipato kidogo ambao kwao gari ndiyo njia pekee ya maana ya kufika bustanini na familia. Hoja hii ilijibiwa kwa haraka mno na waungaji mkono wa kufunga. Ni kweli basi namba 44 linatoka Bayview na kupita katikati ya bustani karibu kabisa na majumba, na namba 29 linatoka upande huohuo na kuvuka bustani magharibi zaidi. Lakini ni mabasi ya kuzunguka jiji lote, yenye vituo vingi, na safari yake ni ndefu kwa mtu mwenye watoto na vikapu vya chakula. Jibu la haki kwa Walton lilikuwa kuongeza basi na kupunguza bei ya maegesho kwa wenye kipato kidogo. Kumwambia mtu wa Bayview kwamba basi lipo si jibu. Hata hivyo kuirudisha JFK kwa magari kusingewanufaisha watu wa Bayview kwa kiasi kilichodaiwa: nafasi za bure kando ya barabara huchukuliwa na anayewahi, na kwa mtu anayetoka mbali si rahisi kuwahi.

Nani bado anapita

"Imefungwa kwa magari" ni neno la vibao. Sheria ndogo ya 2022 ina orodha ya wanaoruhusiwa: magari ya dharura, magari ya serikali yaliyo kazini, gari dogo la bustanini, magari ya kubeba watu wenye ulemavu, na magari ya mizigo ya de Young. Hilo la mwisho linaonekana dogo ila ndilo lingeweza kuangusha mpango wote. Mlango wa mizigo wa jumba la sanaa unafikiwa kwa JFK. Kontena la michoro iliyokodishwa kutoka jumba la nje ya nchi haliwezi kushushwa mbali na kusukumwa kwa mkokoteni. Kampuni za bima zisingekubali. Anayepanga jambo kama hili aende kwanza kutazama milango ya nyuma ya kila jengo, akiwa na ratiba ya mizigo mkononi, kabla ya kuzungumza na waandishi wa habari.

Barabara ikishafungwa, hatari mpya ni vitu vizuri. JFK ilijazwa viti vya mbao, piano za wazi, meza za mpira wa mezani na michoro ya lami. Watu walivipenda, na ni haki yao. Lakini gari la zimamoto linahitaji njia ya wazi yenye upana wa mita 6.1, bila kona inayolilazimu kurudi nyuma. Kila kiti kinachowekwa lazima kiwe nje ya ukanda huo, na kama ni chepesi, mtu atakisogeza kwenye jua na kukiacha katikati ya njia. Vitu vizito viwekwe pembeni, vyepesi vifungwe kwa mnyororo mfupi. Vizuizi vya milangoni viwe vya kuondolewa kwa ufunguo walio nao zimamoto, na kimojawapo kijaribiwe kila mwezi, kwa sababu kufuli iliyokaa kwenye ukungu wa San Francisco hushika kutu kuliko watu wanavyodhani.

Kura mbili kwenye karatasi moja

Novemba 2022 wapiga kura walikuta mapendekezo mawili yanayopingana. Pendekezo J lilithibitisha uamuzi wa baraza. Pendekezo I lilitaka magari yarudi JFK siku za kazi, na pia yapite siku zote Great Highway, barabara ya kando ya bahari iliyo magharibi mwa bustani. J lilipita kwa asilimia 63 hivi. I liliangushwa kwa asilimia 65 hivi. Waliolitunga Pendekezo I walijidhuru wenyewe kwa kuziunganisha barabara mbili zisizofanana: aliyekuwa tayari kuirudisha JFK kwa sababu ya jumba la sanaa alilazimika kubeba pia hoja ya Great Highway, ambayo mawimbi yanamega upande wake wa kusini.

New York ilifika hapo kwa njia tulivu zaidi, na sababu moja ni ya mwaka 1858. Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walipochora Central Park waliweka barabara nne za kuvuka zilizozamishwa chini ya usawa wa bustani, ili mikokoteni ya mizigo ikatize jiji bila kuonekana. Barabara zote za ndani za mandhari zilipofungwa kwa magari Juni 2018, zile nne ziliendelea kupitisha mabasi na teksi kama kawaida. Golden Gate Park haina zawadi hiyo. Kinachoisaidia ni Crossover Drive, inayobeba barabara kuu ya jimbo kuvuka bustani kutoka kusini hadi kaskazini, na Transverse Drive, hizo hazikufungwa. Bila hizo, kufunga JFK kungekuwa kukata jiji vipande viwili.

Ndiyo maana mfano wa JFK ulipohamishiwa Great Highway haukukaa. Novemba 2024 Pendekezo K la kuifunga moja kwa moja sehemu ya juu ya Great Highway, kama kilomita 3.2, lilipita kwa asilimia 55 hivi za jiji zima, huku mitaa ya magharibi inayoitumia ikilikataa kwa wingi. Machi 2025 magari yaliondolewa, Aprili pakafunguliwa bustani ya Sunset Dunes, na Septemba mwaka huo wapiga kura wa Sunset, mojawapo ya mitaa hiyo, wakamwondoa kitini Msimamizi Joel Engardio aliyeipigania. Kwa kigezo cha asilimia ya wakatizaji, Great Highway ingeshinda JFK kirahisi: kati ya Lincoln Way na Sloat Boulevard, mwanzo na mwisho wa kipande hicho, hakuna makutano ya magari hata moja, kwa hiyo karibu kila gari lilikuwa likikatiza. Lakini mkatizaji wa JFK alihamia Fulton, mita mia chache kaskazini, akapoteza dakika chache. Mkatizaji wa Great Highway alikuwa mkazi wa mitaa ileile, na njia iliyobaki kwake ilikuwa Sunset Boulevard au 19th Avenue, zenye taa na foleni zake. Asilimia ya wakatizaji inakuambia ni magari mangapi yanaweza kuondoka. Yatakwenda wapi, na kwa urefu gani wa ziada, ni hesabu nyingine, na kwenye JFK jibu lake lilitokea kuwa zuri.